BREKI ZIKILEGEA, GARI LISIMAME

Ndugu msomaji, gari lisilowaka halimdhuru mtu. Linakaa tu uwanjani, na kuku wanalala chini yake. Lakini gari linalowaka vizuri, na breki zake hazishiki, ni hatari kubwa. Ni hatari kwa dereva na kwa abiria. Ni hatari pia kwa mtoto anayevuka barabara akienda shule.

Mwezi huu tunazungumza juu ya breki za magari ya zamani. Magari hayo bado yapo vijijini. Yanabeba mazao, mbolea, saruji na wagonjwa. Wengi wetu si madereva wala mafundi. Lakini tunapanda magari hayo, na vikundi vyetu vinayamiliki. Kwa hiyo yafaa kila mmoja wetu ajue dalili za breki mbovu.

MFANO WA KIJIJI KIMOJA

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kuna kijiji katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Wakulima wake wanalima kabichi, karoti na viazi. Kikundi chao kina Land Rover ya zamani. Kila wiki gari hilo linapeleka mboga Mombo, chini ya milima. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ina urefu wa kilomita zipatazo 33. Inapita Soni, kisha inateremka kwa kona nyingi. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde.

Asubuhi moja dereva, ambaye ni kijana, alikanyaga breki. Pedali ikaingia chini sana. Akaikanyaga mara ya pili na ya tatu, ikapanda. Akafungua boneti, akaona mafuta ya breki yamepungua. Akajaza. Akasema, "Sasa gari ni zima." Wiki hiyo alijaza mara tatu.

Jumamosi gari lilikuwa limekwisha pakiwa magunia ya kabichi. Akina mama wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia. Hapo akapita fundi mmoja mzee wa kijiji.

"Shikamoo, mzee," alisema dereva.

"Marahaba, kijana wangu. Mbona umeshika tena chupa ya mafuta ya breki? Hata juzi nilikuona nayo."

"Yanapungua, mzee. Lakini nikijaza, gari linashika."

"Yanakwenda wapi?"

Kijana akanyamaza. Hakuwa amejiuliza swali hilo.

Fundi akalizunguka gari. Akainama kwenye kila gurudumu. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa na unyevu kwa ndani. Vumbi lilikuwa limegandia hapo. Akasimama, akasema, "Teremsheni mzigo. Gari hili haliendi Mombo leo."

Mwenyekiti wa kikundi hakufurahi. "Fundi, kabichi zitaoza. Ziba paipu ya gurudumu hilo moja. Magurudumu matatu yatatosha. Ukifika wiki ijayo utatengeneza."

"Ndugu mwenyekiti," alijibu fundi, "kabichi zikioza tutapanda nyingine. Mtu akifa, hatupandi mwingine."

Watu wakaanza kubishana. Ndipo mama mmoja akakusanya khanga yake, akasema, "Mimi nateremka." Mwenzake akamfuata. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kupanda. Gari likabaki.

BREKI ZINAFANYAJE KAZI?

Ili tujue fundi aliogopa nini, tuangalie kwanza breki zinavyofanya kazi.

Dereva anapokanyaga pedali, anasukuma pistoni ndani ya silinda kubwa. Mafundi wanaiita masta silinda. Pistoni hiyo inasukuma mafuta ya breki. Mafuta yanapita katika paipu nyembamba mpaka kwenye magurudumu.

Katika gurudumu kuna silinda nyingine ndogo. Mafuta yakifika hapo, yanasukuma viatu vya breki. Viatu hivyo ni vipande viwili vya chuma vilivyopinda. Juu ya kila kiatu kuna tabaka gumu la kusugua. Viatu hutanuka na kubana ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Hapo gari linapunguza mwendo.

Land Rover za Series III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Zina ngoma za breki katika magurudumu yote manne. Magari mengine, hasa ya miaka ya baadaye, yana sahani ya chuma katika magurudumu ya mbele. Sahani hiyo hubanwa na vipande vinavyoitwa breki pedi. Lakini kazi ya mafuta ni ile ile.

Kwa nini tunatumia mafuta na siyo upepo? Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma. Mkono wako unaingia, halafu unarudishwa. Upepo unabanika. Sasa chukua chupa iliyojaa maji mpaka mdomoni. Jaribu kusukuma kizibo ndani. Hakiingii. Maji hayabaniki.

Mafuta ya breki nayo hayabaniki. Nguvu yote ya mguu inafika kwenye magurudumu. Lakini upepo ukiingia katika paipu, nguvu ya mguu inaishia katika kuubana upepo. Na mafuta yakivuja, nguvu inavuja pamoja nayo.

Mafuta ya breki hayaliwi na injini. Yakipungua kidogo kidogo kwa miezi mingi, huenda viatu au pedi zimelika. Lakini yakipungua kila siku, yanavuja. Kujaza mafuta si kutengeneza breki. Ni sawa na kumimina maji katika mtungi uliopasuka.

BREKI HUTOA TAARIFA

Mara nyingi breki haziharibiki ghafla. Hutoa taarifa mapema. Hizi hapa ni baadhi ya dalili zake.

1. Pedali inaingia chini, lakini ukiikanyaga mara mbili au tatu inapanda na kuwa ngumu. Mara nyingi viatu vimelika au vinataka kukazwa. Lakini angalia kwanza kama mafuta yamepungua.

2. Pedali ni laini, inabonyea kama sifongo. Upepo umeingia katika paipu.

3. Pedali inashika, halafu inazama polepole ukiendelea kuikanyaga. Angalia kama kuna mahali panapovuja. Kama hapavuji popote nje, raba za ndani ya masta silinda zimechakaa.

4. Gari linavutwa upande mmoja unapofunga breki. Gurudumu moja linashika na jingine halishiki. Huenda mafuta au grisi imelowesha viatu. Huenda pistoni ya silinda ndogo imekwama kwa kutu.

5. Unasikia sauti ya chuma kukwaruza chuma. Tabaka la kusugua limekwisha. Sasa kiatu kinaila ngoma.

6. Gurudumu moja ni la moto sana kuliko mengine. Breki yake haiachii. Huenda imekazwa mno, au hozi ya mpira imeziba kwa ndani.

Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, usipakie mzigo wala watu. Tafuta sababu kwanza.

FUNDI ALIFANYA NINI?

Turudi kijijini. Mzigo uliteremshwa. Gari likasukumwa hadi mahali tambarare.

Kwanza fundi aliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Dereva akashangaa. "Mzee, breki ya mkono nimeivuta."

"Katika gari hili breki ya mkono haishiki magurudumu," alieleza fundi. "Inashika shafti inayokwenda nyuma. Tukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gurudumu jingine linaweza kuviringika. Breki ya mkono haitalizuia. Hata gia haitalizuia. Mawe ndiyo yatakayotuokoa."

Mambo hayo ni kweli kwa Land Rover za zamani. Mwenye gari la namna hiyo ayakumbuke daima. Tena mtu asilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki inaweza kuteleza. Weka chini ya ekseli stendi imara za chuma.

Gurudumu likafunguliwa, kisha ngoma ikatolewa. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi. Dereva akataka kulipuliza kwa mdomo. Fundi akamzuia. Viatu vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lisikung'utwe. Liloweshwe maji, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kifukiwe.

Sasa kosa likaonekana wazi. Silinda ndogo ya gurudumu ilikuwa inavuja. Raba zake zilikuwa zimechakaa. Mafuta yalikuwa yamelowesha viatu vyote viwili. Kiatu kilicholowa mafuta hakishiki. Hata ukikisugua kwa msasa au kukichoma moto, mafuta yamekwisha ingia ndani. Lazima kibadilishwe.

Dereva akatumwa Lushoto kununua vipuri. Alinunua silinda mpya na viatu vya magurudumu yote mawili ya nyuma. Viatu havibadilishwi upande mmoja tu. Ukibadilisha kushoto, badilisha na kulia. Vinginevyo upande mmoja utashika kuliko mwingine, na gari litavutwa.

Fundi alisafisha sehemu zile kwa spiriti. Hakutumia petroli wala mafuta ya taa karibu na raba. Vitu hivyo huvimbisha raba na kuziharibu. Akafunga silinda mpya na viatu vipya. Kabla ya kurudisha ngoma aliipitisha kidole ndani, kuona kama ina mikwaruzo mirefu au ufa. Ilikuwa nzuri. Ngoma yenye ufa haitumiki tena.

KUTOA UPEPO

Paipu ikifunguliwa, upepo huingia. Kwa hiyo ni lazima utolewe. Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye pedali, mwingine kwenye gurudumu.

Nyuma ya gurudumu kuna nati ndogo yenye tundu. Fundi alichomeka mpira mwembamba kwenye nati hiyo. Ncha ya pili ya mpira aliitia katika chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Kisha akaita:

"Kanyaga!" Dereva akakanyaga.

"Shikilia!" Fundi akalegeza nati. Mafuta na mapovu yakatoka. Akaikaza nati.

"Achia!" Dereva akaachia pedali polepole.

Waliendelea hivyo mpaka mapovu yakaisha. Walianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, wakamaliza na lililo karibu. Mara kwa mara waliangalia mafuta katika kopo la masta silinda. Kopo hilo likikauka, upepo unaingia tena, na kazi inaanza upya. Mafuta yaliyotoka katika chupa hayakurudishwa garini.

KUKAZA BREKI

Mwisho fundi alikaza breki. Katika ngoma za gari hilo kuna bolti ya kukazia, nyuma ya kila gurudumu. Aliachia breki ya mkono na kuweka gia huru. Mawe yalikuwa bado mahali pake. Alizungusha bolti mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Kisha akairudisha nyuma kidogo kidogo mpaka gurudumu likazunguka huru. Dereva akakanyaga pedali ili viatu vikae sawa. Fundi akapima tena. Akafanya vivyo hivyo kwa magurudumu mengine, moja moja.

Breki ikikazwa mno, inasugua wakati wote. Ngoma inapata moto, viatu vinaungua, na petroli inapotea bure.

MAFUTA GANI YATUMIKE?

Tumia mafuta ya breki peke yake. Katika kopo huandikwa DOT 3 au DOT 4. Fuata maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha gari au katika kitabu chake. Mafuta ya DOT 5 ni ya silikoni. Usiyachanganye na hayo mengine.

Wako watu wanaojaza oili ya injini. Oili hiyo inavimbisha raba zote za breki. Baada ya hapo kila raba ni ya kubadilishwa. Wako pia wanaojaza maji ya sabuni. Maji yanaleta kutu ndani ya silinda. Tena maji yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Breki mlimani hupata moto kuliko huo. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabanika kama upepo. Pedali inazama mpaka chini.

Hata mafuta mazuri huchakaa. Hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakinyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi kama 140 tu. Kwa hiyo yafaa yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Usitumie kopo lililokaa wazi kwa muda mrefu.

Mafuta ya breki ni sumu. Usiyaweke katika chupa ya soda. Mtoto anaweza kuyanywa.

KUJARIBU KABLA YA KUPAKIA

Kazi ilipokwisha, fundi hakumruhusu dereva kwenda Mombo mara moja. Alimwambia akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia kwa dakika nzima. Haikuzama. Akakagua paipu na magurudumu yote. Hapakuvuja.

Kisha gari likaendeshwa tupu, polepole, katika uwanja tambarare. Likasimama sawasawa, bila kuvutwa upande. Likaongezwa mwendo kidogo, likasimama tena. Waliporudi, walisogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Hakuna lililokuwa na moto kuliko mengine. Ndipo fundi akasema, "Sasa pakieni."

KUTEREMKA MLIMA

Breki nzima pia zinaweza kushindwa kama dereva hana busara. Madereva wazee wana kanuni yao: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuteremkia. Tia gia nzito kabla ya kuanza kuteremka. Injini itazuia gari, na breki zitapumzika. Usiteremke kwa gia huru. Usizime injini ili kubana petroli. Utabana petroli ya shilingi chache na kupoteza gari zima.

Na kama pedali ikizama katikati ya mteremko? Ikanyage haraka haraka mara nyingi. Huenda ikapanda. Punguza gia moja moja. Vuta breki ya mkono kidogo kidogo, siyo kwa nguvu mara moja. Piga honi na washa taa, ili watu wapishe. Ikibidi, lisugue gari kwenye ukingo wa mlima, siyo upande wa bonde. Usizime injini wakati gari linakwenda.

KABICHI ZILIKWENDA WAPI?

Kikundi kilipata hasara. Baadhi ya kabichi ziliuzwa hapo hapo kijijini kwa bei ndogo. Nyingine ziliharibika, wakapewa ng'ombe. Jumatatu gari liliteremka Mombo na mzigo mpya. Dereva alikwenda na kurudi salama.

Jioni mwenyekiti aliitisha mkutano. Wanachama walikubaliana mambo matatu. Kwanza, kila asubuhi dereva apime pedali, aangalie mafuta na akague magurudumu. Pili, kila gunia linaposafirishwa, fedha kidogo iwekwe kwa ajili ya vipuri. Tatu, dereva au fundi akisema gari lisimame, asilazimishwe na mtu yeyote, hata mwenyekiti.

Jambo hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Spana inatengeneza breki. Lakini kinachookoa watu ni ujasiri wa kusema, "Gari hili haliendi." Dereva anaweza kulisema neno hilo. Fundi anaweza. Na abiria naye anaweza, kama yule mama aliyekusanya khanga yake akateremka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika breki, ndugu msomaji, huenda usipate nafasi ya kuujenga huo ukuta.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini kujaza mafuta ya breki kila siku si kutengeneza?
2. Pedali ikiwa laini kama sifongo, kumeingia nini katika paipu?
3. Kwa nini fundi aliweka mawe kwenye magurudumu, na breki ya mkono imevutwa?
4. Kama wewe ungekuwa mwenyekiti, ungefanya nini na kabichi zile?
5. Gari unalolipanda kwenda sokoni, nani anakagua breki zake, na lini?